Gari la kambi chini ya kava: tunayoambiana Nairobi na hali ilivyo

Ukiuliza mtandaoni namna ya kulaza gari la kupigia kambi kwa miezi kadhaa, wanaojibu wengi ni Wamarekani na Wakanada, na mazungumzo yao ni theluji. Wanamwaga maji yote ya mabomba, wanapitisha ile dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, wanalivalisha gari kava mpaka kwenye magurudumu, kisha wanaagana nalo mpaka baridi iishe. Wana haki. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba lililojaa halina pa kuyapisha, linapasuka. Shida inaanza ushauri huo unapotua Lang'ata au Ruaka, ukachanganyika na wa jirani, wa fundi na wa muuza maturubai. Mtu analifunika gari lake kwa bidii zote, na akija kulifunua anakuta godoro limeota kuvu.

"Nairobi hakuna theluji, kava la nini?"

Theluji haipo, ni kweli. Julai usiku hushuka kwenye nyuzi 10 hadi 12 hivi, asubuhi manyunyu, mchana wingu limekaa kama limelipa kodi. Kinangop wanaweza kuona jalidi kwenye viazi. Sisi tunatoa masweta tu. Anayekula gari hapa ni jua. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Tena tuko jirani kabisa na ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Wingu la Julai linapunguza joto lakini mionzi mingi inapenya. Angalia gari lililokaa nje miaka kadhaa: raba za madirisha zimekakamaa, faiba ya paa imegeuka unga ukiipitishia kidole, na matairi yana nyufa nyembamba ubavuni hata kama kashata, yale meno ya kukanyagia, bado ni nzima.

Halafu kuna msimu wenyewe. Wengi hufikiri kava ni la Juni hadi Agosti kwa sababu ndiyo baridi yetu. Magari ya watalii hayalali Julai. Julai yapo Maasai Mara. Yanalala Aprili na Mei, mvua za masika zikiwa zimeharibu barabara za mbugani na wageni wamepungua. Kwa hiyo kava la Nairobi linakutana na jua kali la kati ya mvua na mvua, tope, unyevu wa wiki nyingi, na ukiegesha chini ya jakaranda, maua ya Oktoba yanayonata kwenye bodi. Kwa anayeegesha karibu na miti ya marabou, wale korongo wakubwa wenye kinyesi kingi, pale Mombasa Road, sina la kuongeza. Anajua.

"Turubai la lori linatosha"

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Turubai la plastiki, la buluu au la PVC zito la malori, halipitishi maji. Muuzaji atalimwagia maji mbele yako uone. Hatakuonyesha upande wa pili: halipitishi mvuke pia. Gari la kambi limejaa unyevu wake lenyewe, kwenye godoro, mapazia, mbao za kabati, zulia. Na likiegeshwa juu ya udongo au nyasi, ardhi nayo inapumua usiku kucha. Bati la paa likipoa alfajiri, mvuke ule unageuka matone. Inua ukingo wa turubai saa kumi na mbili asubuhi, upande wa ndani utaukuta umelowa ilhali usiku haikunyesha hata tone. Ingia ndani ya gari utazame mshono wa pazia, pale kitambaa kinapogusa kioo: vitone vyeusi vimeanza. Wiki chache baadaye harufu imeshaingia kwenye sponji, na harufu hiyo haitoki kwa kuanika.

Kava linalofaa ni la kitambaa kinachozuia mvua huku kikiuachia mvuke utoke. Kuna akriliki iliyotiwa rangi kwenye uzi wenyewe, ambayo huvumilia jua miaka mingi ila bei yake iko juu. Kuna poliesta yenye kinga ya jua. Na kuna polipropilini ya tabaka kadhaa, nyepesi, rahisi. Ile isiyo na kinga ya mionzi hukatika vipande kama gazeti la zamani, na vumbi lake likakubakia mikononi. Kwa jua letu, uliza kuhusu kinga ya mionzi kabla hujauliza kuhusu mvua. Turubai la pamba, lile la mahema ya zamani, linapumua vizuri, ila likikunjwa bichi linaoza.

Nikiulizwa mimi, mwenye nafasi na afanye kibanda cha mabati kilicho wazi pande zote aachane na kava. Jua halifiki, mvua haifiki, upepo unapita. Lakini wengi wetu tunapanga, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za nguzo uani.

"Paa linavuja kidogo, kava litalizuia"

Litauficha tu uvujaji huo usiuone. Ufa wa kuzunguka tundu la hewa, dirisha la paa au mguu wa karia ya mizigo unazibwa gari likiwa limekauka, kabla ya kufunikwa. Na usikubali fundi aje na silikoni ya bafuni. Inashika vizuri mwaka wa kwanza, ikianza kubanduka inaacha utando ambao hakuna kizibo kingine kitakachoushika, hata silikoni mpya, mpaka ukwanguliwe wote. Kuna vizibo vya mapaa ya magari, vya kujitandaza vyenyewe. Bei yake ni zaidi, kazi yake ni moja.

Osha gari kwanza pia. Vumbi la Magadi likibaki kwenye rangi na kava likapigwa na upepo juu yake, umeweka msasa. Likishaoshwa liache jua limalize kazi siku nzima, milango na droo zikiwa wazi. Wanaoosha jioni na kufunika papo hapo wamefungia ndoo ya maji ndani.

"Sola iko juu, betri haina wasiwasi"

Hili linanishangaza kila mara, kwa sababu wanaolisema ni watu wanaojua umeme. Paneli iliyo chini ya kava haizalishi kitu. Wakati huo alamu, redio na friji iliyosahauliwa zinaendelea kunywa. Betri ya asidi iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 12 na kuachwa hivyo kwa wiki, sulfeti inaganda kwenye bamba na betri hairudi ilivyokuwa. Ijaze, kisha chomoa waya wa hasi. Wa betri zote mbili, ile ya injini na ile ya friji na taa.

"Kava kubwa ni bora kuliko dogo"

Kava lililopwaya hupiga makofi usiku kucha, na kila kofi linakwangua. Wengi hupima gari kwa kitabu chake, wakasahau gurudumu la akiba mlangoni, ngazi ya nyuma na hema la juu ya paa, ambalo hata likiwa limekunjwa huongeza karibu sentimita 30. Pima gari lilivyosimama. Kona kali, kama vile za karia na mwisho wa chuma cha turubai la kivuli, zivalishe vipande vya tyubu kuukuu au sponji ya godoro, maana kava huchanika hapo kwanza. Ukimpa kazi fundi wa maturubai, mwambie ashone mikanda ya kupita chini ya gari, na mlango wa zipu upande wa mlango wa gari. Bila mlango huo wa zipu hutaingia kukagua, na usipoingia, panya wataingia. Kava haliwafukuzi. Linawapa giza na joto, na waya za injini wanazipenda hata usipowaachia punje ya unga kabatini.

Jambo la mlinzi na jiko lake. Julai baridi ikibana, kona iliyokingwa upepo ni ile iliyo kati ya ukuta na gari lililofunikwa. Vitambaa hivi vinashika moto na kuyeyuka upesi. Zungumza naye kwa heshima, umtafutie kona nyingine. Na mtu asilale ndani ya gari lililofunikwa akiwa na makaa, au jiko la gesi likiwaka. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka humo, haina harufu.

"Lazima mabomba yatiwe dawa ya kuzuia kuganda"

Nairobi, hapana. Mwaga matangi kwa sababu maji yaliyolala miezi miwili hunuka, ufungue mabomba yakauke, basi. Dawa ile waachie wenye theluji.

Yaliyobaki ni ya mara kwa mara. Kila wiki mbili au tatu, siku yenye jua, fungua kava saa nne asubuhi, acha milango wazi mpaka saa tisa, sogeza gari nusu mzunguko wa gurudumu ili tairi lisikae upande mmoja, ongeza upepo. Ukivuta karavani, kava hutolewa kabla ya kuondoka getini, hata kama unakwenda gereji ya mtaa wa pili.