Usimpe mtoto kiini cha pichi

Watoto wa Tanga tumekua tukiponda kungu. Unaiokota chini ya mkungu, unaiweka juu ya jiwe, unagonga, unatoa kile kiini cheupe chembamba na kukila palepale. Sasa msimu wa mapichi ya Lushoto ukifika, ndoo zikajaa pale soko la Mgandini, mtoto aliyezoea kungu akiona kokwa ngumu yenye kiini ndani atafanya vilevile. Ndiyo maana naandika. Mkungu na mpichi si ukoo mmoja. Kiini cha kungu ni chakula, kiini cha pichi kina amigdalini, kemikali inayoweza kutoa sianidi, ambayo ni sumu kali. Mimi ni mwanabiokemia wa mimea, na hili nataka kila mzazi alielewe.

Amigdalini yenyewe bado si sianidi huru. Mti huanza na fenilalanini, mojawapo ya asidi za amino zinazojenga protini, ukaigeuza hatua kwa hatua kwa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, hadi upate kitu chenye sianidi ndani yake. Kitu hicho hufungwa na glukosi moja kikawa prunasini. Ikiongezwa glukosi ya pili, tunapata amigdalini.

Pasua pichi changa, wakati kokwa bado inakubali kisu. Ndani utakuta ute mwororo umezungukwa na ganda laini la mbegu. Katika hatua hiyo prunasini ndiyo iliyotangulia, na ipo kwenye lile ganda, ambalo ni sehemu ya mti mama. Mbegu ikiendelea kujaa, ute unatoweka, zinabaki pande mbili nyeupe ngumu zenye akiba ya chakula cha mche. Humo ndimo amigdalini inamorundikana, na tunda likiiva kiini kimeshakuwa kichungu. Mti hauna shida nyama ikiliwa. Unachokilinda ni mbegu. Na mbegu ikiota, ile naitrojeni iliyofungwa kwenye amigdalini inaweza kutumiwa na mche.

Lozi zinaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mlozi mtamu na mlozi mchungu wanatofautiana kwa jeni moja, na mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa badiliko dogo kwenye jeni inayoamuru utengenezaji wa prunasini ndilo linaloleta utamu. Kwa kuwa prunasini inatoka kwenye tishu ya mama, chavua ya mlozi mwingine haibadilishi ladha ya lozi za mti huo.

Pasheni hufuata njia nyingine: tunda bichi lina glukosidi za sianidi, yaani kemikali za jamii ya amigdalini, kwa wingi zaidi, nazo hupungua likiiva. Kwa hiyo msiokote pasheni za kijani.

Hatari inaanzia menoni. Kwenye kiini kizima, amigdalini na vimeng'enya vya kuivunja vimehifadhiwa mbali mbali. Ukitafuna, vinakutana, sianidi inaachiwa. Gramu 1 ya amigdalini inaweza kutoa takribani miligramu 59 za sianidi ya haidrojeni. Kwa viini vya aprikoti, ndugu wa pichi, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2016 kuwa kiini kimoja tu kidogo kinaweza kumvusha mtoto mdogo kiwango salama.

"Si tukichemsha itaisha?" Hapana, kwa kiini kizima. Angalia kisamvu: tunakitwanga kwanza. Kinu kinavunja seli, linamarini, kemikali ya majani ya muhogo inayofanana na amigdalini, inakutana na kimeng'enya chake, sianidi inatoka, na kwa kuwa inachemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, moto unaifukuza. Ukichemsha kiini cha pichi bila kukiponda, unaua vimeng'enya lakini amigdalini inabaki, kisha bakteria wa utumbo wanaimalizia kazi.

Kokwa nzima ikimezwa kwa bahati mbaya, sumu haitoki kirahisi. Cha kuhofia hapo ni kukaba koo. Lakini mtoto aliyetafuna viini akaanza kuumwa kichwa, kutapika, kizunguzungu au kuhema haraka, mkimbizeni hospitali na mwende na kokwa zilizobaki. Msingoje, msijaribu maziwa.

Na nyinyi mnaouza juisi ya plamsi, toeni kokwa zote kabla ya kuwasha blenda. Zikisagwa pamoja na tunda, amigdalini na vimeng'enya vyake vinakutana ndani ya jagi.