Kabureta Husingiziwa Mengi: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Pikipiki za Zamani

Pikipiki ya zamani ikianza kukatakata njiani au kugoma kuwaka asubuhi, hukumu hutoka mapema: kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Inafunguliwa, inaoshwa, inafungwa, na ugonjwa unabaki palepale. Huwa naumia kuona hivyo, kwa sababu kila ukiifungua bila sababu unachosha gasketi, unaumiza vichwa vya skrubu na unavuruga marekebisho yaliyokuwa sawa.

Dhana: Injini ikikatakata, tatizo ni kabureta.

Mara nyingi si hivyo. Plagi iliyochoka, koili (inayotengeneza umeme wa cheche) inayokufa ikipata joto, pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) zilizoungua, yote hutoa dalili zinazofanana na za petroli. Valvu iliyobana nayo huwasumbua watu: nafasi yake ikiisha, haifungi vizuri, kompresheni inapungua na kuwasha kunakuwa taabu. Kabla ya kugusa kabureta, hakikisha cheche ni kali, valvu zina nafasi iliyoelekezwa na mtengenezaji, na chujio la hewa ni safi.

Sikiliza pia jinsi injini inavyozima. Ikikata ghafla, kama umezima swichi, anza na umeme. Ikififia polepole kwa kukosa nguvu, huenda inakosa petroli. Kama inafifia baada ya mwendo fulani, inapona ukipumzika, kisha inarudia, fungua kifuniko cha tanki. Tundu lake la kupitishia hewa likiziba, petroli haishuki, hata kabureta iwe mpya. Kisha legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la petroli la kabureta, ukiwa mbali na moto na injini ikiwa imepoa, uone kama petroli inatiririka mfululizo au inadondoka tone moja moja. Ikidondoka, tafuta kwenye koki ya tanki, kichujio au mpira wa petroli.

Dhana: Ikikosa nguvu, weka jeti (kipande chenye tundu la kupimia petroli) kubwa zaidi.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndipo penye uchunguzi wenyewe. Ndani ya kabureta kuna njia kadhaa za petroli, na kila moja ina zamu yake kulingana na umevuta mafuta kiasi gani. Injini ikinguruma bila kuvutwa, hadi karibu 1/8, jeti ndogo ndiyo inayotawala. Kati ya 1/8 na 1/4, mkato wa chini ya slaidi, kizibo kinachopanda unapovuta mafuta, ndio unaotawala. Kuanzia 1/4 hadi 3/4 ni kazi ya sindano inayoning'inia kwenye slaidi na mahali ilipo klipu yake. Jeti kubwa inaamua kuanzia 3/4 hadi mwisho. Mipaka hii huingiliana kidogo, lakini inatosha kukuonyesha pa kutafuta.

Kwa hiyo bandika utepe kwenye kishikio cha mafuta, weka alama za robo, kisha endesha kwenye barabara tulivu na uone inasumbua kwenye alama ipi. Pikipiki inayozima kila ukiachia mafuta haitaponywa na jeti kubwa, hata ukibadilisha mara ngapi. Ikiwa inatulia tu ukivuta choki (inayozidisha petroli kwenye mchanganyiko) hata baada ya injini kupata moto, inapata petroli kidogo au hewa nyingi: jeti ndogo imeziba, au hewa inapenya kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Mipira hiyo hukakamaa na kupasuka kwa umri. Nyunyizia maji kidogo pembeni yake injini ikinguruma, ukiepuka plagi na waya wake. Mngurumo ukibadilika, umepata tundu. Wako wanaonyunyizia petroli kwa jaribio hili. Tafadhali usifanye hivyo, ni kuukaribisha moto.

Kwenye kabureta ambazo slaidi huinuliwa na mvuto wa hewa, kagua pia kiwambo cha mpira kilicho juu. Kikitoboka, slaidi haipandi inavyopaswa, na injini inayonguruma vizuri chini inagoma juu. Kiinue mbele ya tochi. Tundu dogo litajionyesha.

Dhana: Plagi nyeusi maana yake petroli imezidi.

Inawezekana. Masizi makavu huashiria petroli nyingi, lakini cheche dhaifu au kunguruma muda mrefu bila kutembea huleta masizi yaleyale. Weusi wenye utelezi ni oili, na hiyo ni habari ya ringi au mipira ya valvu. Moshi nao husaidia: mweusi ni petroli, wa bluu ni oili.

Dhana: Kufungua skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa huongeza petroli.

Inategemea ilipo. Ikiwa upande wa injini, kwa kawaida ni ya petroli, na kuifungua huongeza petroli. Ikiwa upande wa chujio la hewa, ni ya hewa, na kuifungua hupunguza petroli. Kabla ya kuigusa, hesabu mizunguko hadi ikae chini taratibu na uandike, ili uwe na pa kurudi.

Dhana: Jeti iliyoziba hutobolewa kwa waya.

Jeti nyingi ni za shaba nyeupe, laini kuliko chuma, na tundu la jeti ndogo mara nyingi halifiki nusu milimita. Mkwaruzo mmoja hubadilisha kipimo chake. Loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, pulizia hewa ya shinikizo, itazame kwenye mwanga. Ikikataa, nunua nyingine yenye namba ileile.

Dhana: Kabureta ikivuja kidogo, funga koki ukilala, basi.

Kufunga koki ni vizuri, lakini hakutibu kitu. Petroli hufurika kwa sababu boya linalodhibiti petroli kwenye bakuli limetoboka, kimo chake hakiko sawa, au kivalvu chake kimelika ama kimenasa uchafu. Mbali na hatari ya moto, petroli inaweza kuingia kwenye silinda, ikapita kwenye ringi na kuchanganyika na oili. Oili iliyochanganyika hulainika mno na kuacha beringi bila ulinzi. Chomoa kijiti cha oili na ukinuse. Kikinuka petroli, au kiwango kimepanda bila wewe kuongeza, usiwashe injini: tengeneza uvujaji huo, mwaga oili yote na uweke mpya.