Maana ya koti la majaribio

Koti la majaribio ni koti linaloshonwa kwa kitambaa cha bei nafuu kabla ya kitambaa chenyewe kutiwa mkasi, ili vipimo vionekane vikiwa mwilini badala ya kubaki kwenye karatasi. Si nguo ya kuvaliwa nje. Halina bitana, halina mifuko wala vitundu vya vifungo, na aghalabu lina mkono mmoja tu, kwa kuwa linachotakiwa kuonyesha ni namna vipande vilivyochorwa vitakavyomkaa mtu huyu.

Anayeshona kanzu nyumbani anaweza kuiruka hatua hii, maana kanzu hukatwa kwa wasaa na wasaa huo hufunika makosa mengi. Koti halina nafasi hiyo. Linashika bega, linaingia kiunoni, na ukosi wake unatakiwa ulale shingoni bila ya kuacha mwanya; tena likishatiwa kitambaa cha kukazia kifuani na bitana ndani, kulifumua huwa kazi nzito kuliko kulishona. Kwa hiyo, kwa anayeshona koti la kwanza, ninaihesabu hatua hii kuwa ya lazima.

Kitambaa kinachofaa ni marekani, yaani ile pamba isiyopaushwa, ambayo haivutiki na ambayo mtande na mshindio wake, yaani nyuzi za urefu na za upana, huonekana wazi. Jina lake lina historia ya hapa hapa Unguja. Nchi ya Marekani na Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na kitambaa hicho kutoka viwanda vya huko kikaingia bandarini kwa wingi kikiitwa kwa jina la nchi kilikotoka, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza uingizaji wake. Marekani nyepesi haifai kujaribia koti la sufu nzito, kwa sababu haitaanguka vile vile. Uzito wa vitambaa viwili hivyo ukaribiane.

Vipande hukatwa kwa kuacha nafasi kubwa ya mshono, kiasi cha sentimita 2.5 au 3, ili pawepo pa kuongeza. Juu ya kila kipande huchorwa kwa kalamu mstari wa kifua, mstari wa kiuno na mstari wa mtande, kisha vipande huunganishwa kwa mishono mirefu ya cherehani, au kwa kupiga bandi kwa mkono, mishono ambayo itafumuliwa kwa urahisi.

Wakati wa kulijaribu, mtu avae ndani ile nguo atakayoivaa na koti lenyewe. Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu koti la sikukuu au la harusi mara nyingi huvaliwa juu ya kanzu, na kanzu ina kitambaa kingi zaidi kwapani na mgongoni kuliko shati. Koti lililopimwa juu ya fulana litabana siku ya Iddi. Kama koti litatiwa mito ya mabega, mito hiyo iwekwe tangu wakati huu, kisha mtu asimame kama anavyosimama siku zote, bila ya kujikaza, na mwengine ndiye amwangalie.

Mikunjo ndiyo inayosema. Mikunjo inayotokea kwenye kifungo na kutawanyika kila upande ni dalili ya kubana, na ile ya wima iliyolegea ni dalili ya kitambaa kilichozidi. Mikunjo ya mshazari inayoshuka kutoka shingoni kwenda kwapani huonyesha kwamba bega la mtu limeinama kuliko bega lililochorwa. Mstari wa kiuno ukipanda mgongoni, kipande cha nyuma ni kifupi. Marekebisho yaanzie begani na kushuka chini, moja baada ya jingine, kwa sababu kosa la begani likiondolewa huondoka na mengine yaliyoonekana kana kwamba ni ya kifuani.

Sehemu inayowapoteza wengi ni tundu la kwapa. Mtu akiona mkono haunyanyuki vizuri, hukimbilia kulichimba tundu lishuke zaidi, na matokeo yake koti zima hupanda kila anapoinua mkono, kwa kuwa kwapa la koti limekwenda mbali na kwapa la mtu. Tundu likiwa juu, karibu na mwili bila ya kuchoma, mkono hunyanyuka na koti hubaki mahali pake. Kwenye marekani kosa hili hurekebishwa kwa kubandika kiraka pale palipochimbwa na kuchora upya. Kwenye kitambaa chenyewe halirekebishiki.

Marekebisho yakishakubalika, koti la majaribio hufumuliwa lote, vipande vikapigwa pasi kwa kukandamiza bila ya kuvivuta upande wa mshazari, na mistari mipya ikahamishiwa kwenye karatasi. Kitambaa cha koti nacho, kama kinaruka, yaani kinapungua, kikiingia maji, kilowekwe na kukaushwa kwanza. Ndipo karatasi hiyo itandazwe juu yake, mstari wa mtande ukifuata ukingo wa kitambaa.