Modafinili ni dawa ya nini?

Modafinili ni dawa ya kumweka mtu macho. Ilibuniwa Ufaransa miaka ya 1970, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1998 kwa wagonjwa wa nakolepsia, yaani wanaozidiwa na usingizi mchana hata kama usiku walilala. Huko pia hupewa wafanyakazi wa zamu wanaosinzia kazini. Ulaya wamekaza zaidi: mwaka 2010 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulipendekeza ibaki kwa nakolepsia pekee.

Mwanafunzi wa Nairobi anayeitafuta kabla ya mtihani huwa ameambiwa inaongeza akili. Haiongezi. Huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayochangamsha, isirudishwe upesi ndani ya seli za ubongo, usingizi ukasogea pembeni. Aliyekesha ataona nafuu. Aliyelala vizuri ataambulia kidogo mno, pengine na kujiamini kupita kiasi.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 200 asubuhi, au saa moja kabla ya zamu. Mwenye ini lililoharibika vibaya hupewa nusu yake. Kufika 400 hakujaonyesha faida ya uhakika. Dawa hii hukaa mwilini: baada ya saa 15 hivi nusu yake bado ipo. Ukimeza saa moja asubuhi, saa nne usiku ungali nayo. Anayemeza alasiri hugaagaa kitandani hadi alfajiri, kisha kesho yake anatafuta kidonge kingine ili asisinzie.

Jambo linalosahaulika zaidi ni uzazi wa mpango. Modafinili huchochea ini kuvunja homoni haraka, kwa hiyo vidonge vya kila siku na kile kijiti cha mkononi hupungua nguvu. Hata P2, kidonge cha dharura, inaweza kushindwa. Athari hiyo haiishi siku unapoacha dawa; tumia kondomu au koili ya shaba wakati wote wa matumizi na hadi miezi 2 baadaye. Mimba ikiingia, kuna hofu ya mtoto kuzaliwa na kasoro, ndiyo maana wajawazito hawapewi.

Kuna dawa nyingine ambazo, kinyume chake, ini hilohilo huchelewa kuzivunja: anayetumia fenitoini ya kifafa anaweza kujikuta nayo nyingi mno katika damu, na wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anahitaji kupimwa damu mara kwa mara. Mwambie mfamasia kila unachomeza, miraa ikiwemo (hapa ndipo wengi hunyamaza), kwa sababu miraa na modafinili zote mbili huweza kupandisha presha na mapigo ya moyo. Mwenye presha isiyodhibitiwa asiiguse dawa hii.

Kuumwa kichwa ndiyo lalamiko la kawaida, pamoja na kichefuchefu na wasiwasi. Vipele ni habari nyingine. Vikitokea, hasa wiki 5 za kwanza, vikiandamana na homa, vidonda mdomoni au ngozi kutoka malengelenge, acha dawa siku hiyohiyo uende hospitali, na ubebe pakiti yake.