Aliyekuja kwa miguu naye ana usafiri

Siku hizi ukisikia mtu anasema "sina usafiri" ujue anamaanisha hana gari. Kwenye vikao vya harusi, kwenye magroup ya WhatsApp, hadi kwa watu wanaopanga mambo ya mji wanaojua kabisa, utasikia wakazi wa sehemu fulani "hawana usafiri", wakati hao wakazi kila asubuhi wanafika kazini, sokoni na shuleni. Wamefikaje sasa?

Usafiri ni namna yoyote ya kumtoa mtu au mzigo hapa ukamfikisha pale. Ni hivyo tu. Gari ni usafiri, baiskeli ni usafiri, guta ni usafiri, na miguu ni usafiri.

Na kinachoniuma ni kwamba neno lenyewe limezaliwa miguuni. Limetoka kwenye safari, ambayo tumeitoa kwenye safar ya Kiarabu, na safari za karne ya 19 huku kwetu watu walitembea. Misafara inatoka Bagamoyo, inapita Tabora, inaenda mpaka Ujiji, vitambaa na shanga na waya za shaba zinakwenda bara, pembe za ndovu zinarudi pwani, na karibu mzigo wote uko vichwani na mabegani mwa wapagazi, Wanyamwezi wakiwa wengi sana, maana mbung'o walikuwa wanamaliza farasi na ng'ombe njiani. (Na watumwa walipitishwa njia hizohizo, hilo tusilifiche.) Biashara ya ukanda mzima huu ilitembea kwa miguu. Hata Kariakoo ya Dar ni jina la wapagazi, ni Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa Waingereza kwenye vita ya kwanza ya dunia. Halafu leo neno tumewapa wenye magari peke yao.

Kuna kundi lingine linatetea kutembea vizuri kabisa ila linakupeleka kwenye mazoezi. Hapana, ni vitu viwili. Shirika la Afya Duniani lenyewe linatenganisha: mazoezi ni yale uliyoyapanga ili kuujenga mwili, halafu kuna shughuli za mwili, ambazo ni kila unapoutumia mwili, kuchota maji, kufua, kwenda kituoni, na mazoezi yenyewe yamo humo. Mwongozo wao wa 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, yaani mwendo unaopandisha pumzi kidogo lakini bado unaweza kuongea, na lile sharti la zamani la angalau dakika 10 mfululizo wamelitoa. Sasa piga hesabu, dakika 15 za mwendo wa haraka kwenda kituo cha daladala asubuhi na 15 kurudi jioni, siku tano, ni 150 tayari, na hiyo inasaidia kupunguza hatari ya presha, kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo bila mtu kulipia gym.

Nasisitiza hivi kwa sababu jina ndo linaamua nani awajibike. Ukiita mazoezi, jukumu linabaki kwako, nunua raba, amka alfajiri, ukiumwa ni uvivu wako. Ukiita usafiri, hapo lazima mtu aulizwe njia ya pembeni iko wapi, mbona mtaro hauna mfuniko, kivuko kiko wapi, taa je, kivuli je, bodaboda zinafanya nini juu ya njia ya waenda kwa miguu. Dar shirika la usalama barabarani la Amend limefanya kazi hiyo jirani na shule za msingi, vitu vya kawaida tu kama njia za miguu, matuta na zebra, na mwaka 2019 mradi wao ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji. Walimchukulia mtoto anayeenda shule kama msafiri.

Uchumi nao uko hapohapo. Nenda Mtaa wa Kongo pale Kariakoo uangalie: mtu kaja kutafuta vitenge, anakutana na chaja, anasimama kwenye juisi ya miwa, anaondoka na sufuria ambayo hakuiwaza. Aliye ndani ya gari hasimami. Wanunuzi wanatoka Kongo, Zambia, Malawi, Comoro, wamevuka mipaka kwa basi au ndege, lakini bei wanaitafuta kwa kutembea duka hadi duka, na mizigo inatoka dukani mgongoni mwa mtu au kwenye mkokoteni kabla haijaona lori. Mabasi ya mwendokasi ya Dar, yaliyoanza 2016 kutoka Kimara, abiria wake wengi wanafika kituoni kwa miguu na wakishuka wanamalizia kwa miguu, kwa hiyo njia ya kwenda kituoni ikiwa mbovu na basi lenyewe umeliharibia.

Kwa hiyo kama unamaanisha gari sema gari, hakuna atakayekulaumu. Na mtu akikwambia amekuja kwa miguu, ile "pole, ulikosa usafiri?" iache, muulize alipitia wapi na barabara kubwa aliivukaje.