Kofia ya Mjerumani ilikuwa ya nani? Dhana potofu na ukweli kuhusu kumtafuta aliyeivaa

Kofia ya zamani ya jeshi la Ujerumani ikimfikia mtu, iwe kwa urithi, mnadani au kwa wauza vitu vya kale, jambo la kwanza analotaka kujua ni aliyeivaa. Ni hamu nzuri. Aliyeivaa alikuwa kijana mwenye mama na kijiji chake, na anastahili kutajwa kwa jina. Lakini wengi huanza kutafuta wakiwa na imani zisizo na msingi, wakaishia kumpachika kofia mtu ambaye hakuwahi kuigusa. Hapo wamewakosea watu wawili: yule aliyepewa historia isiyo yake, na yule mwenye kofia ambaye sasa hakuna atakayemtafuta tena.

“Namba iliyogongwa ndani ni namba ya askari”

Hii ndiyo inayowapoteza wengi zaidi. Pindua kofia ya chuma ya Vita Kuu ya Pili, chungulia ubavuni kwa ndani, utaona kitu kama ET64 au Q66. Herufi zinataja kiwanda: ET ni kiwanda cha Thale kwenye milima ya Harz, Q ni Quist wa Esslingen, NS ni Schwerte, EF ni Fulda. Namba ni saizi ya gamba la chuma. Gamba la 64, kwa mfano, lilitiwa bitana ya ngozi ya kichwa cha sentimita 56 au 57. Namba nyingine iliyogongwa nyuma, upande wa shingo, ni ya fungu la chuma kiwandani. Namba ya askari mwenyewe ilikuwa kwenye kibati alichovaa shingoni.

Hata hivyo alama hizo zina faida, kwa kuwa zinabana kipindi. Kofia ya muundo wa mwaka 1935 ina tundu za hewa zilizowekewa vipete vya chuma pembeni. Ile ya 1940 tundu zake zimebonyezwa kwenye gamba lenyewe. Ya 1942 haikukunjwa ukingo, maana vita vilikuwa vimebana na kiwanda kilitaka kuokoa muda. Mtu akikuambia babu yake aliingia Poland mwaka 1939 na kofia ya ukingo usiokunjwa, jua hadithi hiyo ina kasoro.

“Wajerumani waliandika kila kitu, kwa hiyo faili lipo”

Waliandika, kweli. Kilichobaki ni suala jingine, na kinategemea sana askari alikuwa wa ufalme gani, kwa sababu jeshi la Ujerumani la 1914 liliundwa na majeshi ya Prussia, Bavaria, Saksonia na Württemberg.

Chukua kofia ya ngozi yenye ncha utosini, Pickelhaube, ambayo Prussia iliianzisha mwaka 1842. Ifunue sehemu ya nyuma inayokinga shingo, uisogeze penye mwanga wa pembeni, si wa juu, kwa kuwa mihuri imefifia na mwanga wa pembeni ndio unaoiamsha. Tuseme unasoma B.A. XVIII 1914, chini yake J.R. 81, kisha 7.K. Mstari wa kwanza ni bohari ya mavazi ya kundi la 18 la jeshi (Armeekorps), Frankfurt, na mwaka kofia ilipopokelewa. Wa pili ni rejimenti ya 81 ya askari wa miguu (Infanterie-Regiment). Usishangae kuona J, ndivyo walivyoandika I kubwa. Wa tatu ni kombania ya 7. Kombania ya wakati wa vita ilikuwa na watu kama 250. Umetoka kwenye jeshi lililopitiwa na watu wapatao milioni 13 ukafika kwenye watu mia mbili na hamsini, pamoja na waliokuja kujaza nafasi za waliokufa na kujeruhiwa. Hayo ni mafanikio makubwa, na jina bado hujalipata.

Hapo ndipo unapokutana na ukuta. Rejimenti ya 81 ilikuwa ya Prussia, na kumbukumbu za jeshi la Prussia zilihifadhiwa Potsdam. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1945, vita vikiwa vimebakiza wiki chache tu kwisha, ndege za Uingereza ziliupiga mji huo mabomu na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo ikateketea. Mtafutaji wa askari wa Prussia hulazimika kuzunguka: vitabu vya historia ya rejimenti vilivyochapwa miaka ya 1920 na 1930, rejesta za makanisa, mnara wa kumbukumbu wa kijijini, na orodha za hasara za vita ambazo chama cha watafiti wa nasaba wa Ujerumani kimeziweka mtandaoni bure.

Kama muhuri ni wa Bavaria, mambo hubadilika kabisa. Orodha za askari zimesalimika München, na ndani yake utakuta tarehe ya kuzaliwa, dini, kazi, majina ya wazazi, mapigano aliyoshiriki na majeraha aliyopata. Rejimenti za miguu za namba 119 hadi 127, pamoja na 180, ni za Württemberg, na nyaraka zake utaziulizia Stuttgart. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua hata moja, jua ufalme. Nembo ya mbele husaidia: Württemberg iliandika Furchtlos und trew, Bavaria In Treue fest.

“Haina muhuri, basi ni bandia”

Si lazima. Maofisa walijinunulia kofia zao kwa fedha zao, na bohari haikuwa na sababu ya kuzigonga muhuri.

“Jina limo ndani, kazi imekwisha”

Kazi ndiyo imeanza. Kofia ilirudishwa bohari, ikatengenezwa, ikapakwa rangi upya, ikapewa mwingine. Kuna zenye majina mawili, moja limefutwa kwa kisu. Halafu mwandiko wenyewe ni wa kale: herufi e hufanana mno na n, na u huwekewa kijikia juu ili isichanganywe na n. Mpe anayeujua mwandiko huo akusomee kabla hujatangaza jina.

Na wapo wanaoandika majina leo ili kupandisha bei. Chukua lenzi uangalie nyufa za ngozi. Wino wa zamani hukatika pale ngozi ilipopasuka, kwa sababu ulitangulia ufa. Wino ulioingia ndani ya ufa na kutandazika humo uliandikwa ngozi ikiwa imeshazeeka.

“Umbo ni la Kijerumani, basi aliyeivaa ni Mjerumani”

China ilinunua kofia za muundo wa 1935 kwa jeshi lake. Finland ilizitumia. Norway ilirithi zilizoachwa baada ya vita ikazipaka rangi yake. Ireland, mwaka 1927, iliagiza kofia za umbo hilohilo kutoka kampuni ya Vickers ya Uingereza. Kwangu, kofia ya mtoto wa Kichina aliyepigana Shanghai mwaka 1937 ina haki ileile ya kutafutiwa mwenyewe.

Na kwetu Afrika Mashariki? Ukiuziwa kofia ya chuma ya Kijerumani kwa madai kwamba ilivaliwa Tanga mwaka 1914, usinunue. Kofia ya chuma iliingia vitani mapema 1916, huko Verdun. Jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, lilivaa kofia za jua kwa maofisa wa Kizungu, na askari wetu walivaa kofia za kaki zenye kitambaa cha kufunika shingo.

“Iliokotwa kwenye uwanja wa mapigano”

Nyingine ziliokotwa kweli. Lakini mwaka 1919, New York, kulijengwa piramidi la kofia za ncha zipatazo 12,000 mbele ya stesheni ya Grand Central kuhamasisha watu kununua hati za mkopo wa serikali. Kofia hizo zilitoka maghalani, vita vikiwa vimekwisha. Nyingi zinazouzwa Marekani hadi leo zina chanzo kama hicho, na huenda hakuna kichwa kilichowahi kuingia humo. Tundu la risasi nalo lisikuhadae. Kofia zilizotupwa zilifanywa shabaha miaka mingi baada ya vita.

“Nimemwona kwenye orodha ya makaburi, ndiye”

Kosa hili linaniumiza kuliko yote. Shirika la makaburi ya vita la Ujerumani, Volksbund, lina orodha ya mtandaoni yenye mamilioni ya majina. Unaandika Schmidt, anatokea Schmidt wa rejimenti hiyohiyo, roho inatulia. Lakini waliokufa ndio rahisi kuwapata, na wengi waliovaa kofia hizo walirudi nyumbani. Orodha za hasara za 1914 hadi 1918 nazo zina waliojeruhiwa na waliotekwa, si wafu peke yao, na kuanzia mwishoni mwa 1916 ziliacha kutaja kikosi. Usimfunge mtu kwenye kofia mpaka vitu vitatu vikubaliane: jina, kikosi na wakati.

Kwa Vita Kuu ya Pili, omba Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, Berlin. Mwaka 2019 ilichukua ofisi iliyokuwa ikitunza kumbukumbu za askari zaidi ya milioni 18. Peleka jina kamili na tarehe ya kuzaliwa; picha ya kofia pekee haiwafikishi popote. Ukikuta ndani namba ya posta ya vitani, kwa kawaida ya tarakimu tano, hiyo inataja kikosi, ila namba hizo zilihamishwa kutoka kikosi hadi kikosi, kwa hiyo itafutie na mwaka. Kumbukumbu binafsi hufunguliwa miaka 10 baada ya mhusika kufariki, au miaka 100 tangu kuzaliwa kama kifo chake hakijulikani. Na ukiipata familia, andika barua kwanza ukiuliza kama wangependa kusikia. Wapo watakaolia kwa furaha, na wapo ambao babu huyo ni mlango waliofunga kwa sababu zao.