Dokta, mbona unaniuliza mara tatu?

Mama kaleta mtoto wa mwaka na nusu, kaungua na chai, mtoto analia na mama analia. Tukishampa dawa ya maumivu naanza, ilikuaje? Nesi alishauliza, mimi nauliza tena, na baadae nitauliza kivingine. Najua inakera, kuna bibi aliwahi kunijia juu, "we mwanangu, kwani hapa polisi?" Hapana bibi, ila kidonda kina maneno yake na mlezi ana ya kwake, mi naangalia kama yanaelewana, isije ikawa mtoto kaumizwa makusudi.

Mtoto akivuta kikombe mezani chai inaanzia kidevuni, shingo, kifua, inachuruzika huku inapoa, kwahiyo kidonda kinakuwa kipana juu halafu kinakonda kadri kinavyoshuka, kingo hazijanyooka na kuna matone matone pembeni (na tafadhali msipake dawa ya mswaki, inanifichia kila kitu). Sasa akija mwingine miguu yote miwili imeungua sawasawa hadi juu ya kifundo, mpaka wa kidonda umenyooka kama kavaa soksi, hamna tone hata moja, halafu naambiwa aliingia mwenyewe kwenye beseni, hapo navuta kiti. Manake mtoto akikanyaga maji ya moto anarusha mguu, maji yanatapakaa.

Kuna la umri pia. Anayetembea akiwa na alama magotini na kwenye ugoko wala sishtuki, ila wa miezi mitatu ambaye hata kugeuka hajui, damu imevilia sikioni au shingoni, hiyo sio ya kupuuza. Wadogo chini ya miaka 2 nikiwa na wasiwasi tunapiga eksirei mwili mzima, na tunarudia baada ya kama wiki mbili, sababu ubavu uliovunjika jana unaweza usionekane mpaka uanze kuunga.

Kuchelewa kuja hospitali vitabu vinasema ni dalili mbaya, ila huku kwetu mi nauliza nauli kwanza.

Nikibaki na mashaka naita ustawi wa jamii, polisi watakuja na PF3 yao, ile fomu ya majeruhi. Mi sihukumu mtu, naandika nilichoona kwa sentimita na alichosema mama kwa maneno yake mwenyewe.

Na tunaweza kukosea jamani. Baka la bluu matakoni mtoto anazaliwa nalo, watu wanaona kapigwa. Niliwahi kupokea wa miezi 10, vidole vya mikono na miguu vimevimba, hataki kuguswa, familia ishaamua kwamba dada wa kazi kamuumiza na asubuhi ile wamemfukuza, na mimi kusema ukweli nilishaanza kuwaamini. Majibu ya damu yakarudi selimundu, ugonjwa wenyewe ndo unavimbisha vidole hivyo kwa watoto wa umri ule. Mama akampigia dada simu palepale mbele yangu, ikaita, ikakatwa, alikuwa keshapanda basi la Singida.